Adabu za Mgeni Mlimani

Ndugu mwanafunzi, ukienda Moroko kupanda mlima Toubkal (mita 4,167), utalala vijijini katika nyumba za Waamazigh, Waislamu wenzako. Tetemeko la Septemba 2023 liliharibu nyumba nyingi za milima hiyo. Huenda mwenyeji wako bado anajenga.

Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa ukarimu kwa mgeni ni siku tatu, wala si halali mgeni akae hadi amtie mwenyeji dhikini. Kulipia malazi hakuondoi wajibu huo. Basi:

1. Lipa mlichopatana, usimkamue mnyonge.
2. Tawadha kwa maji kidogo. Mtume (s.a.w.) alitosheka na kibaba kimoja.
3. Omba idhini kabla ya kupiga picha.
4. Shuka na taka zako.

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Jembe lako ndilo hilo.