Somo: Ginsi ya kuandika habari ya kifo cha rafiki

Ndugu wanafunzi, mu darasa tunafundishwa barua ya kuomba kazi na barua ya kuomba ruhusa. Barua ya kilio hatuifundishwi. Lakini wengi kati yenu mumetoka ndani ya Walikale, pahali simu haishiki, na rafiki akifa kule, habari inatoka paka na mupita-njia mwenye karatasi mu mufuko.

Tuangalie barua moja ya kweli. David Livingstone, aliyefika Nyangwe katika Maniema, jirani ya Walikale, mwaka 1871, aliugua kuhara damu wakati murefu. Mwishoni walimubeba sawa vile tunavyobeba wagonjwa ku kipoyi mu milima ya Masisi. Akafa mwanzo wa mwezi wa 5, 1873, mu kijiji cha Chitambo, inchi ya Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao wakakausha mwili ku jua, wakaubeba kwenda pwani. Mu njia wakasikia kama Wazungu wako Unyanyembe, karibu na Tabora. Wakazani mutoto wa marehemu yuko kati yao. Jacob Wainwright, Muyao aliyesoma Nasik kule Uhindi, akamwandikia barua, na Chuma akatangulia nayo. Ilifika mwezi wa 10, lakini ku mikono ya Cameron, aliyetumwa kumusaidia Livingstone.

Barua ile ni fupi. Inasema baba yako amekufa kwa ugonjwa, kupita inchi ya Wabisa, na mwili tuko nao. Haizunguki-zunguki na «hali yake si muzuri» wakati mutu amekwisha kufa. Kisha inasema tuna njaa, tunaomba nguo za kununulia chakula. Tena inauliza: tukiingia, tupige bunduki ao hapana? Wengine watasema njaa na bunduki havina nafasi katika habari ya kifo. Mimi naona vina nafasi. Anayepokea habari anataka kujua afanye nini: alete unga, aje ku kilio, ao angoje.

Kitu kimoja kinakosa mule: siku ya kifo. Muiandike, juu mutu wa mbali atajiuliza, «Siku ile mimi nilikuwa wapi?»

Na ugonjwa murefu uko na shida yake. Ninyi muliomuosha mugonjwa miezi 8, kwenu kifo kilikuwa kimekwisha kujulikana, basi munaandika mustari mumoja: «Amepumzika.» Lakini rafiki aliye Goma alimwacha anatembea! Kwake ni kifo cha gafula. Mumwambie alianza kulala ku kitanda lini, nani alikuwa karibu, na kama alimutaja. Kama hakumutaja, musitunge. Atakuja kuuliza wengine.

Tena barua musimupe mutoto. Mutafute mutu mukubwa atakayekaa naye akisha kuisoma.

Zoezi: Mwenzenu wa darasa amekufa Pinga nyuma ya ugonjwa wa mwaka muzima. Mwandikie rafiki yenu aliye Masisi, asiyejua kitu. Mistari 10. Mulete siku ya tatu.