Kabla hujamfukuza aliyekataa chanjo

Mgodi unaoufanyia kandarasi ukikutangazia kwamba getini watapita waliochanjwa tu, usikimbilie kuandika barua ya kumfukuza yule aliyekataa. Mteja analinda geti lake. Kesi itakuwa yako wewe uliyesaini mkataba wa kazi.

Code du travail ya Congo, ya Oktoba 2002, iliyorekebishwa Julai 2016, inataka sababu halali ya kumfukuza mtu. Kifungu cha 62 kinazitaja: uwezo wa mfanyakazi, mwenendo wake kazini, au mahitaji ya uendeshaji wa kampuni. Kukataa chanjo ambayo hakuna sheria iliyoilazimisha ni vigumu kukuita mwenendo mbaya. Hata chanjo ya korona, iliyoanza kutolewa Congo Aprili 2021, ilikuwa ya hiari. Ukishindwa kortini, kifungu cha 63 kinasema arudishwe kazini. Asiporudishwa, alipwe fidia inayoweza kufika mishahara ya miezi 36. Kwa kampuni ndogo ya kandarasi, afadhali kumpoteza mteja.

Anza na daktari wa kampuni. Mwambie aandike: kazi gani, ugonjwa gani, hatari gani. Muuguzi anayeshika damu kila siku ana sababu nzito ya kuchanjwa homa ya ini aina ya B. Karani wa ofisi hana. Dereva anayevuka Kasumbalesa kuingia Zambia huhitaji kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, na hapo masharti ni ya mpaka, siyo yako. Barua yako kwa dereva iseme hivyo. (Tangu Julai 2016 kadi hiyo inatosha maisha yote. Usimrudishe mtu kwenye sindano kwa sababu kadi ya zamani imeandikwa miaka kumi.)

Halafu sharti liingie kwenye kanuni za kampuni, baada ya kuzungumza na wajumbe wa sindika, na karatasi ipitie kwa inspekta wa kazi. Tangazo lililobandikwa ukutani halimfungi mtu. Gharama ya chanjo ni ya kampuni, na mtu aende saa za kazi.

Aliyekataa muite, umsikilize, uandike alichosema, naye asaini. Akitaja dini, au akiwa mjamzito, simama hapo kwanza: vyote viwili vimo kwenye orodha ya mambo ambayo sheria inakataza yawe sababu ya kufukuza. Mtafutie nafasi nyingine, labda depo ya mjini badala ya mgodini, na umpe kwa maandishi hata kama unajua ataikataa. Daktari akuambie tu kama anafaa kwa kazi hiyo au hafai. Mengine yabaki kwake.

Ikibidi muachane, usiandike faute lourde (kosa zito). Mpe preavi (notisi) yake: siku 14 za kazi, na 7 zaidi kwa kila mwaka kamili aliotumikia. Mwenye miaka sita anapata siku 56.

Wakili wako huenda akakutajia Afrika Kusini, ambako Januari 2022 CCMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, iliona kampuni ya Goldrush ilimwachisha kwa haki mfanyakazi aliyekataa. Ni kweli, lakini kule wizara ya kazi ilikuwa imetoa mwongozo Juni 2021, na kampuni ilipima hatari na kumsikiliza kwanza. Wewe huna mwongozo huo. Una faili lako tu. Lipeleke kwa inspekta, maana korti ya kazi haipokei shauri la mfanyakazi mmoja kabla ya usuluhishi, na pale mezani bado mnaweza kupatana bei.