Kitamu Kingali Moto: Kijitabu cha Chakula kwa Familia za Kakamega

Kijitabu hiki hakijaandikwa kukutisha. Kakamega tunakula vizuri: ugali na ingokho, mrenda uliochanganywa na kunde, omushenye, kumbikumbi za kukaanga mvua ikinyesha, miwa ya Mumias na Malava, mapera yanayookotwa njiani bure. Kinachokigeuza chakula kizuri kikawa cha kumlaza mtu hospitalini, mara nyingi ni muda: saa zilizopita tangu sufuria ilipoepuliwa mpaka sahani ilipofika mbele yako. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula, na 420,000 kati yao hufa, wakiwemo watoto 125,000 wasiofikisha miaka 5.

Vijidudu huzaana haraka chakula kikiwa vuguvugu, kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Ndiyo maana chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa 2. Hapa ulimi na tumbo havigombani: kinachotoka jikoni sasa hivi ndicho kitamu, na ndicho salama.

Jikoni kwako

Akina kukhu, bibi zetu, walilijua hili bila kipimajoto. Mboga ya tsisaka ilipikwa leo, ikatiwa maziwa, ikarudishwa motoni asubuhi na jioni, na wengi watakuambia kwamba ile ya siku ya tatu ndiyo yenyewe. Lakini kila iliporudishwa motoni ilitokota hasa, mpaka katikati ya chungu. Siku hizi tunaiga zile siku tatu na kuacha kule kutokota. Tunapasha kidogo, mvuke ukionekana tunapakua. Kiporo kichemke chote, na kipashwe kile tu kitakacholiwa.

Mrenda na mitoo hulainishwa kwa munyu, yale maji ya majivu yaliyochujwa. Tumia kidogo. Munyu mwingi na moto wa muda mrefu huua vitamini C na baadhi ya vitamini B. Kama bibi wa nyumba hataki kusikia habari ya kupunguza munyu (na wengi hawataki), mpe kila mtu pera moja baada ya kula. Pera lina vitamini C kwa wingi, na vitamini hiyo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye mboga. Chai hufanya kinyume chake. Kikombe kinachofuata ugali papo hapo huzuia sehemu ya madini hayo yasifyonzwe, kwa hiyo subiri kama saa moja, hasa kwa mama mjamzito.

Anayeziita mboga hizi chakula cha maskini ajue kwamba Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta amezitafiti kwa miongo kadhaa, na mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunukia tuzo ya sayansi kwa kazi yake.

Tukija kwa kuku, zamani mwanamke wa Kiluhya hakula kuku wala mayai, na imondo, yaani firigisi, aliwekewa mwenye mji. Imondo na ibaki ya baba, hatuna ugomvi naye. Ila mama mwenye mimba, anayenyonyesha, na mtoto aliyeanza kula baada ya miezi 6 wanahitaji yai na kipande cha nyama kuliko mtu mwingine yeyote mezani. Familia inayomnyima mtoto yai kisha ikamnunulia soda imepoteza mara mbili.

Kisu na ubao vilivyokatia kuku mbichi visiguse nyanya za kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Kuku ameiva pale maji yanayotoka kwenye kiungo cha paja yanapokuwa meupe, bila wekundu.

Ghala la mahindi

Mahindi yetu huvunwa kuanzia mwezi wa 7 au wa 8, na mvua mara nyingi bado ipo. Mahindi yakiwekwa yangali na unyevu, hushika kuvu na kuvu huacha sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwashika watu 317 katika maeneo ya mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Kuchemsha hakuiondoi, kusaga hakuiondoi.

Pima hivi: weka chumvi kavu kidogo na punje za mahindi ndani ya chupa kavu ya kioo, funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Yarudishe juani, juu ya turubai na si juu ya udongo. Yaliyooza yatupwe. Kumpa ng'ombe ni kuirudisha sumu nyumbani kupitia maziwa, na kuyapika busaa hakuyatakasi.

Matanga na sherehe

Tuseme wazi: hakuna mahali tunapojiweka hatarini kama matangani. Wapishi huanza usiku. Wali umeiva saa mbili asubuhi, nyama imeiva saa tatu, kisha vyote vinafunikwa ndani ya masufuria makubwa na mabeseni. Ibada inaanza saa tano. Anazungumza mjomba, anazungumza mwakilishi wa shule, anazungumza mwanasiasa aliyechelewa kufika na hataki kuketi. Mwili unazikwa saa tisa, watu mia kadhaa wanapanga foleni saa kumi, na wali umekaa vuguvugu siku nzima.

Wali una shida yake ya pekee. Kuna kijidudu ambacho mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukipoa polepole ndani ya chombo kikubwa, zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haitoki hata ukipasha tena. Anayekula hutapika ndani ya saa chache.

Tunachowaomba wanakamati wa mazishi si kikubwa. Nyama na maharagwe vikae juu ya makaa mpaka saa ya kupakua. Wali na ugali vipikwe kwa awamu, awamu ya kwanza ianze ibada ikiendelea na si alfajiri. Wekeni jerikani mbili zenye bomba, na sabuni, pale foleni inapoanzia, kwa sababu beseni moja la kunawia watu hamsini husambaza uchafu wa mtu wa kwanza. Mpakuaji atumie mwiko, na anayehara asipakue hata kama ni shemeji. Na yale mabaki anayofungiwa shangazi ndani ya karatasi ya plastiki aende nayo Butere? Mfungieni mahindi mabichi au ndizi badala yake.

Hotelini

Unapoingia hoteli ya chakula cha mchana, tazama mambo mawili kabla ya bei: maji ya kunawa yenye sabuni, na wingi wa watu. Palipo na wateja wengi sufuria humalizika na kupikwa upya. Palipo kimya, samosa zilizo kwenye kabati la kioo huenda ziliamkia humo. Uliza kilichopikwa saa hiyo. Kachumbari iliyokatwa asubuhi na kuachwa wazi iache. Anayepokea pesa asishike chapati kwa mkono uleule.

Sheria inamtaka kila anayeshughulikia chakula awe na cheti cha kupimwa afya, kinachofanywa upya kila miezi 6. Una haki ya kuulizia, na ukiona hali mbaya, mweleze afisa wa afya ya umma wa eneo lako. Kuuliza kwa upole hakuharibu ukaribu wenu na mwenye kibanda.

Safarini

Kuku aliyekaangwa nyumbani kwa ajili ya mtoto anayesoma Nairobi ni mapenzi, na hatuwezi kuyapiga marufuku. Lakini basi likitoka Kakamega jioni hufika alfajiri, na kuku aliyefungwa angali moto ndani ya kopo lililobanwa amekuwa vuguvugu usiku kucha. Kama lazima aende, mkaushe vizuri motoni, mwache apoe haraka pakiwa na hewa, na mpokeaji amrudishe kwenye mafuta au mchuzi unaochemka kabla ya kuonja. La sivyo peleka unga, njugu kavu zisizo na kuvu, mboga zilizokaushwa. Mtoto atakaa nazo wiki nzima.

Njiani, nunua unachomenya mwenyewe: ndizi, chungwa, yai la kuchemsha. Hindi la kuchoma linalotoka kwenye makaa ni salama. Muwa ni mzuri ukimenyewa mbele yako. Ule uliokatwa vipande na kutiwa ndani ya mfuko hujui kisu kilioshwa wapi. Chupa ya maji uisikie ikikatika kizibo.

Mtu akianza kuhara

Mpe maji ya ORS kidogo kidogo, ukichanganya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na mtoto aendelee kunyonya na kula. Mtoto apewe pia zinki kwa siku 10 mpaka 14. Mhudumu wa afya wa kijiji au zahanati atakuelekeza kipimo. Usimpe dawa ya kufunga tumbo.

Ukiona damu kwenye choo, macho yaliyozama, mtoto asiyeweza kunywa au anayetapika kila kitu, au kuhara kunakotoka kama maji ya kuoshea mchele, tafuta boda boda wakati huohuo. Endelea kumpa ORS njiani, na umwambie daktari mgonjwa alikula nini, wapi, na saa ngapi.