Mkakamavu au Mgumu Tu?

Somo: Marko 3:1-6, Danieli 6:10



Mwaka jana mama mmoja alinipigia simu Ijumaa jioni. Mtoto wake alikuwa amelazwa, akahitaji pesa za dawa kutoka kwa mfuko wetu wa kusaidiana. Mimi ndiye nilikuwa nautunza. Nikamwambia, "Mama, fomu hujazwa Jumapili." Nimesomea biashara, mambo ya utaratibu wa pesa nayajua.

Mtoto alipona, ashukuriwe Mungu. Lakini mama alikosa ibada Jumapili tatu. Nilipomtembelea alinipa chai, kisha akasema polepole, "Pasta, wewe uko rigid sana."

Neno hilo lilinifuata hadi nyumbani, nikafungua kamusi. Maana ya kwanza: kitu kisichopindika, kama chuma. Ya pili: sheria isiyobadilishwa. Ya tatu: mtu asiyekubali kubadili mawazo. Limetoka kwa Kilatini, na madaktari hutumia neno la ukoo huo huo kueleza jinsi maiti hukakamaa. Hapo nilinyamaza.

Kiswahili nacho kina kukakamaa. Maiti hukakamaa, lakini tukimwita mtu mkakamavu tunamsifu! Sasa tutatofautishaje?

Danieli alijua amri ya mfalme imetiwa sahihi, na bado alipiga magoti mara tatu kwa siku. Hakupinda. Mafarisayo nao hawakupinda: mwenye mkono uliopooza yuko mbele yao, wao wanaangalia siku. Yesu alihuzunika kwa ugumu wa mioyo yao.

Mpendwa, angalia ni nani aliyelipa gharama. Msimamo wa Danieli ulimpeleka yeye mwenyewe kwa simba. Msimamo wa Mafarisayo ungemwacha mgonjwa na mkono wake. Na msimamo wangu? Ulilipwa na mama aliyekaa hospitalini na simu mkononi.

Sisemi tutupe fomu. Pesa za Mungu zinahitaji hesabu safi. Lakini siku hizi, kukiwa na dharura, wazee wawili wanaidhinisha siku hiyo hiyo, fomu inafuata. Na mama yule nilimwomba msamaha. Alirudi.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani:
1. Ni jambo gani hutakubali kupinda, hata likikugharimu?
2. Kuna sheria nyumbani au kazini kwako ambayo mwingine ndiye anailipia?

Tuombe: Bwana, tupe msimamo wa Danieli, na utulainishe mioyo. Amina.