SOMO LA MWEZI: KUKEREZEWA MABAKULI KWA MTI WA SHAMBA LAKO



Katika mashamba ya makazi ya Borabu, kama Nyansiongo, Mekenene na Isoge, iko miti mikubwa iliyokuwapo kabla ya mashamba kugawanywa katika miaka ya 1960, na mingine iliyopandwa na wazee wetu walipoingia. Miti hiyo sasa inazeeka. Mmoja ukiangushwa na upepo, desturi yetu ni kupasua kuni. Kuni si kitu kibaya, lakini huisha upesi. Gogo lilelile, likipelekwa kwa fundi wa kukereza, laweza kutoa mabakuli ya kutumiwa na watoto na wajukuu.

Kukereza ni kazi ya zamani kule pwani, ambako mafundi walikereza miguu ya vitanda na viti. Kipande cha mti huzungushwa kwa kasi, na fundi hukishikia patasi mpaka kiwe mviringo. Siku hizi kinachozungusha ni mota ya umeme.

Jambo la kushika ni hili: mti ukiwa wako na mkono ukiwa wa fundi, pataneni kabla patasi haijagusa mti. Na ili mpatane vizuri, yakupasa kwanza kuijua tabia ya mti.

1. Tabia ya mti

Mafundi wa Tabaka huchonga mabakuli kwa jiwe la sabuni, na jiwe halijikunji. Mti si hivyo. Mti mbichi umejaa maji, na ukikauka hupungua. Tena haupungui sawasawa: kuzunguka gogo hupungua karibu mara mbili kuliko kutoka moyoni kwenda kwenye gome. Ndiyo sababu gogo zima hupasuka kuanzia moyoni, na bakuli lililokerezwa kwa mti mbichi hugeuka umbo likawa kama yai.

Kwa hiyo fundi mwema hukereza mara mbili. Mara ya kwanza huacha ukuta mnene, kama sehemu moja ya kumi ya upana wa bakuli: bakuli la inchi 10, ukuta wa inchi 1. Kisha huliweka kivulini likauke polepole. Nchi yetu ina mvua nyingi, kwa hiyo kazi hiyo huchukua miezi kadhaa. Hupimwa kwa mizani kila juma. Uzito ukikoma kupungua, bakuli limekauka. Ndipo hukerezwa mara ya pili na kusuguliwa kwa msasa. Anayekuahidi bakuli kamili la mti mbichi kwa siku mbili, mwulize litakuwaje baada ya miezi miwili.

2. Kutayarisha gogo

(a) Usiache gogo juani. Siku ileile ya kukata, paka rangi nzito au nta kwenye ncha zote mbili, maana maji hutoka upesi zaidi penye ncha.

(b) Kata vipande virefu kuliko upana wa gogo, ili ncha zikipasuka fundi apate pa kupunguza.

(c) Pasua kila kipande katikati ya moyo. Moyo wenyewe hutupwa.

(d) Tafuta misumari na seng'enge. Mti wa mpakani mara nyingi umemeza waya. Mwonye fundi, kwa sababu chuma huharibu patasi na chaweza kumjeruhi.

3. Hesabu

Tuseme mkulima ana mjakaranda ulioanguka, upana wake inchi 14, naye ana watoto sita na anataka kila mmoja apate bakuli la ukumbusho wa mti wa babu yao. Kipande kimoja kikipasuliwa hutoa mabakuli mawili, kila moja kama inchi 12. Vipande vitatu vyatosha, lakini mwenye busara huongeza cha nne, maana bakuli moja au mawili yaweza kupasuka yakikauka. Kila kipande kikiwa futi moja na nusu, atahitaji futi 6 za gogo. Akipeleka futi nne na nusu tu, bakuli moja likipasuka, mtoto mmoja atakosa, na mti wa babu hauwezi kupandwa ukakua tena kwa mwaka mmoja.

4. Mapatano

Andikeni karatasi mbili, moja yako na moja ya fundi, zenye mambo haya:

(a) Idadi ya mabakuli, upana wake, na kama ni ya chakula au ya pambo.

(b) Malipo. Yafaa sehemu ilipwe baada ya kukereza mara ya kwanza, na iliyobaki siku ya kuchukua.

(c) Hasara. Bakuli likipasuka kwa ila ya mti, ni haki fundi alipwe kazi aliyokwisha kufanya. Likitoboka kwa patasi yake, asilipwe. Mkinyamaza juu ya jambo hili mwanzoni, mtalizungumza mwishoni kwa hasira.

(d) Masalio. Semeni kama vipande vinavyobaki ni vyako au vya fundi.

(e) Alama. Andika jina lako na tarehe juu ya kila kipande, kisichanganyike na cha mwingine.

5. Tahadhari

Usipeleke mti usioujua kwa bakuli la chakula. Msunguti, kwa mfano, ni mti wa sumu ya mishale. Mgrevilia una mabaka mazuri sana, lakini vumbi lake huwawasha watu wengine. Fundi afunike pua na mikono. Bakuli la chakula lipakwe mafuta safi ya kulika au nta ya nyuki. Nyumbani lioshwe upesi, lisilowekwe majini wala kuanikwa juani.

Na penye kisiki cha mti uliotoka, panda mwingine.

MASWALI

1. Kwa nini bakuli hukerezwa mara mbili?
2. Bakuli la inchi 8 liachiwe ukuta wa unene gani mara ya kwanza?
3. Mkulima anataka mabakuli manane. Akate vipande vingapi, na kwa nini?
4. Bakuli limepasuka likikauka. Nani abebe hasara, na mapatano yenu yanasemaje?