Keki ya kwanza ni ya daftari

Daftari langu la jikoni, lile lile la kawaida tunalowanunulia watoto wa shule, lina ukurasa mmoja uliogandana kwa samli na sukari. Juu yake nimeandika: "Nankhatai, mara ya 1. Zimetandaa, zimeshikana zote." Jirani yangu alipoiona trei ya biskuti hizo siku ile aliuliza, "Shoga, umeoka nankhatai au ramani ya Afrika?"

Nakaa Tanga. Nilianza kuoka kwa ajili ya wanangu, na siku hizi napokea oda za mtaani: keki za besdei, biskuti za Idi, mkate wa chai. Kila mwezi najaribu angalau pishi moja nisilowahi kulipika. Nimeharibu mengi, na katika kuharibu huko nimejiwekea sheria moja: pishi jipya huokwa mara tatu. Ya kwanza ni ya daftari, ya pili ni ya watu wa nyumbani, ya tatu ndiyo ya mgeni. Ukiruka hatua unachezea mayai, na bei ya trei ya mayai unaijua.

Ujue moto wako kwanza

Bibi yangu hakuwa na oveni. Mkate wa kumimina aliuoka kwa sufuria, makaa machache chini, mengine juu ya kifuniko. Mchele ulilowekwa usiku kucha, ukasagwa na tui zito, sukari, iliki na hamira, kisha ukaachwa uumuke hadi utoe mapovu. Kabla ya kumimina, alipitisha kiganja juu ya sufuria na kuhesabu kimoyomoyo. Nyuzijoto hakuzijua, ila moto wake aliujua.

Mimi nilinunua oveni ya umeme nikaziamini namba zake. Kosa. Oveni nyingi za nyumbani husema 180 huku ndani kuna joto jingine kabisa. Kama huna kipimajoto cha oveni, tumia sukari. Sukari nyeupe huyeyuka kwenye nyuzi 186 hivi za Selsiasi. Weka kijiko kimoja kwenye kibati kidogo, tega oveni 175, subiri dakika 15. Ikiyeyuka, oveni yako ina moto kuliko inavyosema. Isipoyeyuka, rudia kwa 190. Ikikataa hata hapo, oveni yako ni ya baridi.

Kisha panga slesi za mkate zijaze trei, oka dakika 10 kwa nyuzi 180, uangalie ipi imeungua. Kwangu huungua za kona ya nyuma, kulia. Tangu nilipojua hivyo, biskuti nazigeuza trei zikifika nusu ya muda, na keki naigeuza ikishashika, kwenye theluthi ya mwisho.

Jambo jingine: mapishi ya Marekani hutumia Fahrenheit. Wakiandika 350, kwetu ni kati ya 175 na 180. Mimi niliiona hiyo 350, nikazungusha kitufe hadi mwisho kabisa, kwenye 250, nikasikitika kwamba oveni yangu haifiki. Keki ilitoka mkaa nje, uji ndani.

Kikombe si kipimo

Pishi likisema "vikombe vitatu vya unga", uliza kikombe cha nani. Cha Marekani kinabeba mililita 240 hivi. Kikombe changu cha chai kinabeba 300. Hata ukiwa na kile cha Marekani, unga ukiumiminia kwa kijiko utapata gramu kama 120. Ukikichovya kwenye mfuko na kushindilia, zinaweza kufika 150. Kwa vikombe vitatu hiyo ni tofauti ya gramu 90, nayo inatosha kuifanya keki iwe kavu hadi mtu aombe maji. Nunua mizani ndogo ya jikoni kabla ya kitu kingine chochote.

Ukiwa nayo, anza na keki ya ratili ya Waingereza: ratili moja ya unga, moja ya sukari, moja ya siagi, moja ya mayai. Wafaransa huiita quatre-quarts, yaani robo nne. Huna haja ya kutumia ratili nzima. Vunja mayai manne, yapime bila maganda. Yakiwa gramu 200, basi unga 200, sukari 200, siagi 200. Ongeza kijiko cha chai kimoja na nusu cha bekingi pauda na chumvi kidogo. Mimi hukwangulia ganda la chungwa la Muheza, lile la juu tu, maana jeupe lake ni chungu.

Mtego uko kwenye siagi. Pishi litakwambia "siagi yenye joto la chumbani". Chumba kipi? Aliyeandika huenda yuko kwenye nyuzi 20. Tanga ya Februari inapita 30, na siagi ya hapo ni mafuta tupu, haishiki hewa. Itoe kwenye friji dakika 10 au 15 tu, hadi kidole kiache alama bila kuzama. Ipige na sukari mpaka iwe nyeupe na nyepesi, kama dakika tano. Tia mayai, moja baada ya jingine. Mchanganyiko ukikatika kama maziwa yaliyoharibika, usihangaike, tia kijiko cha unga uendelee. Unga uliobaki uchanganye kwa mwiko, polepole, na usipoona tena unga mkavu acha hapo hapo. Bati la sentimita 20, nyuzi 170, dakika 45 hadi 50, na kijiti kitoke kikavu.

Bekingi pauda na magadi soda si ndugu wa kuazimana nguo. Magadi yanahitaji kitu kichachu, kama mtindi au ndimu, ndipo yafanye kazi. Pauda ina uchachu wake ndani tayari. Ukiweka magadi mahali pa pauda kwa kipimo kile kile, utakula keki yenye ladha ya sabuni.

Badili kitu kimoja tu

Turudi kwenye ramani ya Afrika. Siku ile nilibadili vitu vitatu kwa mpigo: niliyeyusha samli, nikatia sukari ya kawaida badala ya sukari ya unga, semolina nikaiacha kwa kuwa sikuwa nayo. Zilipoharibika sikujua nimlaumu nani kati ya hao watatu. Mara ya pili nilifuata pishi neno kwa neno. Kuanzia hapo, kila nikioka nabadili kitu kimoja na kuandika.

Daftari limefikia hapa: unga gramu 200, semolina 50, samli iliyoganda 125, sukari ya unga 110, iliki ya kusaga kijiko cha chai, bekingi pauda nusu kijiko cha chai. Piga samli na sukari, tia vingine, finyanga matonge ya gramu 25. Utapata kama 19. Yapeleke kwenye friji nusu saa. Hii ndiyo siri ya pwani: samli ikiingia ovenini baridi huchelewa kuyeyuka, na unga unawahi kushika kabla tonge halijatandaa. Nyuzi 170, dakika 18 hadi 20. Zitoe zikiwa bado nyeupe na laini, usiziguse, zitakaza zikipoa. Anayesubiri ziwe kahawia ataoka mawe.

Mkate hausomi saa

Kwa mkate wa kawaida natumia unga gramu 500, maji mililita 310, chumvi gramu 9, hamira kavu kijiko cha chai kimoja na nusu, sukari kijiko cha chai na mafuta vijiko viwili vikubwa. Soma mfuko wa unga: ule wenye protini gramu 11 au 12 kwa kila 100 hukandika vizuri ukatoa mkate wa kuvutika. Wenye 9 uachie keki. Kanda dakika 10, hadi donge liache kunata na ukilivuta lifanye utando mwembamba bila kukatika.

Pishi nililolifuata mwanzo lilisema donge liumuke saa moja na nusu. Nikatii saa. Jikoni kwangu lilishakuwa maradufu ndani ya dakika 40, na muda ulipotimia lilikuwa linanuka pombe. Mkate ukabonyea katikati. Siku hizi natumia maji ya friji na simwulizi mtu saa. Nachovya kidole kwenye unga, nalibonyeza donge. Shimo likirudi upesi, bado. Likirudi polepole, tayari. Lisiporudi kabisa, limepitiliza: likande kidogo uliumue upya. Oka nyuzi 200, dakika 30 hadi 35, kisha gonga chini ya mkate. Ukilia kama ngoma, umeiva. Usiukate wa moto, ndani utanata.

Jioni moja umeme ulikatika donge likiwa tayari. Nilikaribia kulitupa, halafu nikakumbuka sufuria ya bibi. Nikawasha jiko la mkaa, nikapaka sufuria nzito mafuta, makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Nikapitisha kiganja juu kama yeye. Daftari linasema: "Dakika 40. Ganda zuri. Chini umeungua kidogo, punguza makaa."

Hayo ndiyo maandishi yanayofaa: tarehe, uzito, nyuzi, dakika, kulikuwa na joto au mvua, kosa, na utakachobadili safari ijayo. Usiandike "tamu sana". Haitakusaidia kitu.

Nankhatai nilizogawa Idi iliyopita zilikuwa za mara ya nne, na jirani yangu aliondoka na sahani mbili. Basi, kabla hujanunua bati jipya lenye umbo la moyo, nunua daftari. Na ukioka kitu kwa mara ya kwanza, usialike mtu.