Msimbo Chanzo ni Haki ya Mnunuzi

Anayenunua mashine ya kuchimba bitcoin huuliza inachimba kwa kasi gani na inakula umeme kiasi gani. Swali ambalo wauzaji wengi wangefurahi lisiulizwe ni hili: msimbo chanzo wa programu iliyomo uko wapi?

Mara nyingi programu hiyo haikuandikwa na kampuni iliyotengeneza mashine. Chimbuko lake ni cgminer, iliyoanza 2011 kwa mkono wa Con Kolivas, daktari wa usingizi wa Australia, akiendeleza kazi ya Jeff Garzik. Hutolewa bure kwa leseni ya GPL, toleo la 3. Bure, ila ina masharti. Kampuni inaruhusiwa kuitumia, kuibadili, hata kuiuza. Lakini ikiuza mashine yenye programu hiyo, lazima mnunuzi aweze kupata msimbo chanzo pamoja na mabadiliko yote, kwa leseni ileile. Kama msimbo hauji na mashine, ahadi ya maandishi ya kuutoa inatosha, mradi idumu angalau miaka 3.

Wapo wauzaji wanaokaa kimya wakiombwa msimbo. Wapo wanaotoa msimbo wa toleo la zamani huku mashine ikiendesha jipya, ujanja ambao humchosha mlalamikaji kuliko kunyimwa kabisa.

Hasara ya kufichwa msimbo si ya mwandishi wa programu peke yake. Aprili 2017, ndani ya programu ya mashine za Antminer za kampuni ya Bitmain, kilibainika kipande kilichoifanya mashine ipige hodi kwenye seva ya kampuni kila baada ya dakika 1 hadi 11. Seva ikikataa, uchimbaji unasimama. Kasoro hiyo iliitwa Antbleed. Kampuni ilieleza kuwa ilikusudia kumwezesha mteja kuzima mashine yake ikiibiwa, kazi haikukamilika, kisha ikatoa marekebisho. Msimbo ule ulikuwa wazi; ndiyo maana watu wa nje waliweza kuusoma na kukiona kipande hicho.

Ukitaka msimbo, mwandikie muuzaji ukitaja modeli na namba ya toleo la programu, na utunze nakala. Akikataa, mjulishe mwenye hakimiliki. Anayevunja leseni hupoteza ruhusa ya kusambaza programu. Kwa kosa la kwanza, akijirekebisha ndani ya siku 30 tangu apewe taarifa na mwenye hakimiliki, ruhusa hurudi. Na hili si tishio tupu: mahakama ya Munich, Ujerumani, iliitambua GPL tangu 2004. Mwenye duka naye asijitoe kwa kusema yeye anauza tu, kwani kuuza mashine yenye programu hiyo nako ni kuisambaza.